Sitaomba Radhi kwa Matonge Yale

Karangwuni,
Wonosobo.
Jumatatu, 9 Mei 2016.

Mpendwa Kaka Samijo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Wifi Sumiyem na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua kwa kubeba mikungu ya chikichi sasa umepoa. Bado unajipaka mafuta ya karafuu? Usiache. Na presha ya Wifi je? Mwambie zile dawa hazimezwi siku ya kuumwa kichwa tu. Zinamezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimekatika mapema na viazi vya mlimani vimetoka vidogo, lakini kabichi imekubali. Mume wangu Trimo ameezeka upya banda la mbuzi, akaanguka mara moja tu. Binti yetu Ratih yuko darasa la tano na ameanza kunisahihisha ninavyoongea mbele ya wageni. Mama anakula, analala na anagomba, kwa hiyo hajambo, isipokuwa rovu lake ambalo bado liko shingoni palepale.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu umenifungia simu. Gunadi, jirani yetu wa nyumba ya bati la kijani, anarudi huko Sabah kesho kutwa, nami nimemwapisha akukabidhi mkononi, si kuiacha ofisini kwa msimamizi wenu. Ameniuliza ni barua ya mapenzi au ya ugomvi. Nimemwambia zote mbili.

Ujumbe wako niliupata. Uliutuma kwenye simu ya Mjomba Pawiro, naye akausoma kwa sauti sebuleni, mimi nikiwa jikoni nakaanga tempe ya soya, ili nisikie vizuri. Umesema nimeidhalilisha familia. Umesema nimeitupa dua ya watu usoni pao. Umesema nikapige magoti mbele ya Mjomba na kumwomba radhi kabla Mama hajarudishwa hospitali. Kaka, nakuheshimu, na magoti yangu nimeyapiga kila Idi mbele yako na mbele yake, na Idi ijayo nitayapiga tena. Kwa jambo hili siyapigi. Wewe umesikia upande wa Mjomba peke yake, sasa sikia wangu.

Kumfikisha Mama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji kulinichukua miezi mitatu. Rovu lake halikatwi tu kama jipu. Lilikuwa linauendesha moyo wake mbio hata akiwa ameketi, na mikono ikitetemeka mpaka kikombe kinalia kwenye kisahani. Mtu wa hivyo ukimlaza ukamkata, moyo unaweza kusimama pale pale mezani. Kwa hiyo tulianza na vidonge, na mimi nikimhesabia mapigo asubuhi na jioni na kuyaandika nyuma ya kalenda, mpaka moyo ukatulia.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilizimwaga shimoni chupa zote za mitishamba alizoletewa na Mjomba. Manjano, tangawizi na vitunguu saumu vikizidi mwilini damu huchelewa kuganda, na shingoni kuna mishipa ambayo hutaki damu yake ichelewe. Jino la mbele lililokuwa linacheza nilimpeleka likang'olewa, lisije likamdondokea kooni akiwa hana habari. Kila jioni nilimpulizisha mrija ndani ya chupa ya maji ili mapafu yapate nguvu. Majirani walikuwa wanasimama uani kumcheka, wanasema Mama anajifunza filimbi uzeeni. Naye anawajibu, "Nikihitimu nitawapigia kwenye maziko yenu." Ndivyo alivyo, unamjua.

Ikabaki sheria moja, nyepesi kuliko zote. Kuanzia saa tatu usiku wa kuamkia upasuaji, kisiingie kitu mdomoni. Mtu akitiwa nusukaputi, koo lake linalala pamoja naye. Kilichomo tumboni kikipanda juu hakuna wa kukizuia, kinaingia mapafuni na kwa uchachu wake kinayaunguza. Na kwa Mama, ambaye rovu limelisukuma koromeo upande mmoja, kumpitishia mpira wa kupumulia ni kazi ngumu hata tumbo likiwa tupu. Nilimweleza haya mara nne. Alitikisa kichwa mara nne.

Tulimlaza wodini Jumatano. Nilikaa naye mpaka saa nne usiku, nikarudi nyumbani kulala kidogo kwa sababu zamu yangu ilianza saa kumi na mbili. Kumbe Mjomba alikuwa na mipango yake. Alfajiri ile alifanya karamu ya dua nyumbani kwake, majirani kumi na wawili, mlima wa wali wa manjano katikati, kuku mzima ubavuni. Walipomaliza kuomba akaikata ncha ya mlima, akaifunga kwenye jani la mgomba, akapanda pikipiki mpaka hospitali na kuingia mara tu geti lilipofunguliwa.

Saa mbili na robo nilikuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kazi yangu pale ni kumpokea mgonjwa, kumuuliza jina lake, anakuja kufanyiwa nini, na mara ya mwisho alikula lini. Fomu ilisema hajala. Nikamshika mkono kutazama kucha, maana kucha ndizo zinazotuonyesha kama mtu anapata hewa. Kucha tatu za mkono wake wa kulia zilikuwa za manjano.

"Mama, umekula?"

"Sijala. Njaa imeniuma tangu jana, mwanangu."

"Na manjano haya?"

Akavificha vidole ndani ya shuka. "Hicho si chakula, Mur. Ni baraka. Kaniletea mjomba wako."

"Matonge mangapi?"

"Moja." Nikamtazama. "Haya, matatu. Na yai nusu."

"Na kuku?"

"Kuku kidogo tu. Ningemrudisha, yule mzee angejisikiaje?"

Nilicheka, Kaka, nisikufiche. Halafu nikamwendea daktari.

Daktari Wibisana, mpasuaji wetu, anakuja kutoka mjini mara moja kila baada ya wiki mbili, na siku hiyo alikuwa na wagonjwa wanane kwenye foleni. Nilipomwambia, hakunitazama. "Fomu imesainiwa, mwenyewe kasema hajala. Ingiza." Nikamwambia mwenyewe sasa amesema amekula. Akaniuliza, mbele ya wahudumu na wagonjwa wawili waliokuwa wanasubiri, "Tangu lini wewe ni daktari wa usingizi?" Nikaweka mguu wangu mbele ya gurudumu la kitanda. Nikasema kitanda hiki hakipiti, na kama kinapita kipite juu ya mguu wangu.

Ndipo akatoka Daktari Kustinah, ambaye ndiye wa usingizi kweli. Mwanamke mfupi, mpole, haongei. Akamfunua Mama vidole, akavinusa, akasema, "Leo simlazi." Akarudi ndani. Yakaishia hapo.

Najua unavyowaza. Unawaza kwamba nilijitafutia sifa. Sifa nilizopata ni hizi. Matroni aliniita ofisini akanipa barua ya onyo kwa kumpandishia daktari sauti mbele ya wagonjwa, kisha akanihamishia chumba cha kuchemshia vyombo. Huko ndiko niliko sasa, mimi na mikasi na mvuke, miaka minane baada ya kuhitimu. Sijamlilia mtu. Kila asubuhi naingia kichwa changu kiko juu, na mikasi yangu ni safi kuliko ya zamu yoyote.

Mama alilia njiani kote kurudi nyumbani. Alisema nimemrudisha kama bidhaa iliyooza sokoni. Majirani waliokula wali wa Mjomba wakaanza kupita mbele ya nyumba bila kubisha hodi. Na Mjomba mwenyewe, kila nikiingia anapokuwepo, anawaambia watu, "Kaeni vizuri, amekuja msomi wetu anayepima baraka kwa kikombe." Wanacheka. Nacheka nao, halafu nawaandalia chai.

Nilijaribu na njia ya upole, usiseme sikujaribu. Nilikwenda kwake na ndizi na sukari, nikaketi chini, nikamwomba karamu ya pili aifanye magharibi, siku moja kabla, ili Mama ale baraka yake na chakula cha jioni na ashibe kabisa. Hakunikemea. Alinitazama kwa huruma. Akasema amekwisha kupiga hesabu ya bahati kama wazee, siku aliyozaliwa Mama kwa siku ya soko, na saa yake imeangukia alfajiri. "Baraka haina saa za ofisi, Mur," akaniambia.

Mama amepangiwa tena Alhamisi tarehe 26 mwezi huu. Mwezi wa sita Daktari Wibisana anahamishwa na hatujui kama ataletwa mwingine. Rovu nalo linakua kuelekea ndani. Usiku Mama analala ameketi, ameegemea gunia la pamba, na akilala anakoroma kwa sauti ambayo Trimo anasema ni ya paka amebanwa mlangoni. Mimi nikiisikia nafumba macho. Hatuna nafasi ya tatu, Kaka.

Na Ijumaa iliyopita, tukiwa wawili jikoni, Mama aliniambia neno ambalo limeninyima raha mpaka leo. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayenitoa wasiwasi. "Nitakula tu, Mur. Siwezi kumkatalia kaka yangu. Ila safari hii nitanawa mikono vizuri, usipate tena matatizo kazini."

Umeelewa? Atanawa. Na mimi sitakuwa mlangoni. Daktari Kustinah nitamwambia, tena nimekwisha kumwambia. Atamuuliza Mama, na Mama ataapa kwamba hajala, kwa moyo mweupe kabisa, maana kwake baraka si kula. Hapo Kustinah ama atamwamini, ama atamrudisha nyumbani mara ya pili na ya mwisho. Njia zote mbili zinanipeleka kule kule.

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika. Nilikuwa nimeamua kuzikwa nalo.

Kila mwaka tukimfanyia Baba dua ya kumbukumbu, ulipokuwa bado hapa na hata ukiwa huko kwa simu, unasimulia jambo lile lile. Kwamba asubuhi ile ya upasuaji wake wa ngiri alikuwa na njaa na hofu, nawe ukashuka getini ukamnunulia ndizi za kukaanga na chai nzito ya maziwa, ukamlisha kwa mkono wako, akatulia, akaingia ndani anatabasamu. Unasema Mungu alikupa heshima ya kumlisha mara ya mwisho. Watu wanalia. Mama anakushika mkono. Mimi nainuka naenda kuosha vyombo, hata kama vimekwisha kuoshwa.

Muuguzi alikuuliza, "Mzee amekula?" Ukasema bado. Hukudanganya. Nyumbani kwetu ambaye hajagusa wali hajala, hata akimaliza sahani nzima ya ndizi. Ungeulizwa na mtu yeyote kijijini hapa angejibu hivyo hivyo.

Baba alikufa siku ya tatu. Tuliambiwa mapafu yameshindwa, na wazee wakasema saa yake imefika. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, unakumbuka, na nguo zile nyeupe zilizonipwaya. Siku ile ya upasuaji mhudumu wa chumba alidhani mimi ni mwanafunzi tu, hakujua ni binti wa mgonjwa. Alinionyesha chupa ya mashine iliyomnyonya Baba uchafu kooni, ili nijifunze. Ndani mlikuwa na vipande vya ndizi. Vilikuwa bado vina ganda la unga wa kukaangia.

Miaka kumi na moja nimekaa nalo. Sikumwambia Mama, sikumwambia Trimo. Sikukuambia wewe kwa sababu ulikuwa unaipenda sana ile asubuhi, na sikuona haki ya kukunyang'anya. Najua nimekunyang'anya leo. Niliandika ukurasa huu mara tatu nikauchana mara mbili.

Sikiliza vizuri, maana hasira ninayo lakini si kwako. Hukumuua Baba. Ulimlisha mtu uliyempenda, na hakuna mtu aliyekueleza kitu. Walioandika swali lile kwenye fomu hawakuwahi kukaa jikoni kwa mtu yeyote wa hapa. Nimekwisha kuandika maswali mapya kwa mkono wangu, yanauliza kila kilichopita mdomoni tangu magharibi, wali na usio wali, dawa, maji ya dua, ncha ya mlima, kila kitu kwa jina lake. Matroni ameyakataa mara mbili. Nitayapeleka mara ya tatu, na ya kumi. Lakini wakati ule wewe hukuelezwa. Mimi nimeelezwa, na sasa na wewe umeelezwa.

Kwa hiyo usiniambie habari ya magoti. Mpigie Mama Jumapili jioni kwenye simu yake mwenyewe, si ya Mjomba. Wewe ndiye mwanawe mkubwa, na neno lako kwake lina uzito ambao langu halitakuwa nao hata nikiwa daktari mkuu. Mwambie ale baraka jioni, ashibe, halafu aweke nia ya kufunga Alhamisi bila daku. Huyu ni mwanamke aliyefunga kila Jumatatu na Alhamisi kwa miaka arobaini. Alifunga akiwa na mimba yangu, alifunga akivuna tumbaku juani. Njaa ya asubuhi moja haimtishi, kinachomtisha ni kumkatalia kaka yake. Akiwa amefunga, Mjomba hatamlisha. Hata yeye ana haya.

Habari ya ndizi usimwambie. Hiyo ibaki baina yetu wawili, na ukitaka kunitukana kwa ajili yake, nifungulie simu unitukane mpaka uchoke. Nitasikiliza.

Na kama hutapiga, jua kwamba usiku ule nitalala sakafuni mlangoni mwa wodi yake. Mjomba akija na jani lake nitalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nitaketi mbele yake nile wali, yai na kuku mpaka nilambe jani. Aniite mlafi, aniite kafiri, Matroni anifukuze kazi. Mama akitaka anichukie miaka ishirini. Nataka hiyo miaka ishirini aipate.

Nisalimie Wifi Sumiyem, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Nisalimie wanao, Wahyono na mdogo wake Tini, na yule mzee Sastro wa Kebumen mnayekaa naye bweni moja. Huku Trimo na Ratih wanakusalimu sana. Mama anakusalimu kila siku, hata asipojua kwamba naandika. Mjomba Pawiro hajakusalimu kwa sababu sikumwambia.

Mungu akulinde juu na chini ya michikichi hiyo, akupe usingizi hata baada ya kuisoma barua hii. Piga Jumapili. Sitakuuliza ulimwambia nini. Nitajua Alhamisi ile, kama Mama ataamka.

Mdogo wako akupendaye, upende usipende,

Muryati